Mafuta Yasiyo na Harufu

Jaifar alikuwa amepiga magoti chini ya meza, shavu karibu liguse zulia, aliposikia anasifiwa.

"Alhamdulillahi wametuletea wewe," alisema Mhandisi Hatem, mwenye ofisi, kwa Kiarabu, amesimama na kikombe chake cha kahawa. "Niliwaambia watu wa bima wazi wazi, msinipelekee mmoja wa hawa wa Zinjibar. Wakisikia mwenzao yumo taabuni, wanaanza Kiswahili chao na wewe huambulii kitu. Wanateteana."

Jaifar alikuwa mtoto wa Zinjibar pande zote mbili. Mama yake, Bi Shariffa, asubuhi ile ile alikuwa amempigia simu kumuuliza kama amekula, na yeye akamjibu kwa Kiswahili cha Malindi ya Zinjibar, kilichonyooka. Ila kabila lake lilikuwa la Waarabu wa Nizwa na Kiarabu chake hakikuwa na doa, basi hapakuwa na wa kumjua. Palikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, nayo ikapita. Alijiambia kwamba akisema, ripoti yake ya bima itatupwa kabla haijasomwa, na hilo lilikuwa kweli. Lakini silo lililomfunga mdomo. Aliona haya, basi, haya tupu, mtu mzima na ndevu zake.

Alirudi kwenye doa. Lilikuwa chini ya sanduku la kompyuta, limeingia kwenye zulia. Akalitia kidole. Yalikuwa mafuta, mepesi, yanateleza. Akayanusa mara mbili. Hayakuwa na harufu yoyote.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya wachoraji wa majengo, ghorofa ya tatu hapo Al Khuwair, na ulikuwa Julai wa mwaka 2006, joto la kukaanga yai kwenye boneti ya gari. Kompyuta za wachoraji zilinunuliwa mpya kabla ya kiangazi kwa ajili ya mradi wa hoteli. Joto lilipopanda zikaanza kufa: skrini inachora mistari ya rangi, halafu giza. Chini ya kila iliyokufa yalionekana mafuta. Kisha mchoraji mmoja, Marhoon, akawahi kufika kazini asubuhi moja, akamkuta Bi Mahbuba, karani wa ofisi, ameshika chupa mbele ya mashine, midomo inamcheza. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena habari za kompyuta. Watu wote waliuliza habari za Mahbuba.

"Nakupa mpaka sala ya adhuhuri," Hatem alisema. "Baada ya hapo napeleka mashitaka polisi. Sihiri, uchawi, uharibifu, wataliita wanavyotaka."

Jaifar alianza na Marhoon. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, kofia yake imekaa sawasawa, na hakuhitaji kuchokolewa.

"Ulimwona akimwaga mafuta?"

"Nilimwona na chupa."

"Mimi nimekuuliza mafuta."

"Chupa hiyo iwe na nini basi? Lisemwalo lipo, ustadh." Methali aliisema kwa Kiswahili, akashtuka, akaigeuza upesi kwa Kiarabu. "Mimi wazee wangu walirudi kutoka Tabora, bara. Haya mambo ya visiwani sisi hatuna."

Kila mtu ana wa kumsukumia mzigo. Jaifar aliachia hilo lipite.

"Alifanya nini na hiyo chupa?"

"Alilowesha kitambaa, akapangusa mashine moja moja. Hapa juu." Marhoon alipiga kofi mgongo wa sanduku. "Huku anasoma soma."

"Na chini aliinama?"

"Yule mama, na magoti yake yale? Akiinama tutamwinua kwa winchi."

"Na kompyuta yake mwenyewe?"

Marhoon alisogea karibu. "Hiyo ndiyo haifi. Zote zimekufa, ya kwake inadunda. Jiulize mwenyewe."

Bi Mahbuba aliitwa chumbani kwa Hatem, na Hatem akakaa hapo hapo kusikiliza. Alikuwa mwanamke wa makamo, abaya lake limepigwa pasi vizuri, uso umemsawajika. Alimtazama Jaifar kidogo tu, macho yakamtoka, na Kiswahili kikamiminika kabla hajaulizwa.

"Ala! Wewe si mtoto wa Bi Shariffa? Pua yake hiyo. Mwanangu, nisikilize upesi. Leo baada ya laasiri inakuja posa ya binti yangu Manal, na mke wa Marhoon ni jamaa zao hao watu, habari itawafika tu. Wewe unalionaje jambo hili? Niwaache waje, au niwapigie mapema niwazuie? Maana wakija wakasikia huku wameshakaa, wakanyanyuka kwenye zulia langu, mwanangu nani atamtaka tena?"

Hatem aliweka kikombe chini. "Anasema nini?"

Jaifar alikuwa amefahamu kila neno. Alijua pia jibu la kumpa: ngoja kwanza, mama, hapa pana kitu hakijakaa sawa. Macho ya Hatem yalikuwa juu yake.

"Sikufahamu, mama," alisema kwa Kiarabu. "Sema Kiarabu."

Bi Mahbuba alimwangalia vile mtu anavyomwangalia jamaa aliyempita njiani bila salamu, kisha akavuta mtandio wake mbele. Hatem alicheka puani, akasema si alimwambia.

"Chupani mlikuwa na nini?" Jaifar aliuliza.

"Maji ya waridi." Kiarabu chake kilikuwa kizuri kuliko cha Marhoon.

"Peke yake?"

"Na zafarani kidogo."

"Zafarani!" Hatem alidakia.

"Niliandika Ayatul Kursi kwenye sahani kwa zafarani, nikaiosha kwa maji ya waridi. Vijana walikuwa wanahangaika, mashine zinakufa, mradi unachelewa. Nikasema hili jicho. Nikazipangusa." Sauti ilimpungua. "Nilikuwa nawaombea."

Jaifar alijua jina la kitu hicho, na mwenyewe Bi Mahbuba aliliacha bila kulitaja. Kombe. Yeye mwenyewe amenyweshwa kombe kabla ya kila mtihani, mpaka ule wa leseni ya gari, na bado alianguka. Angeweza kumweleza Hatem kwamba hii ni dua ya akina mama, haina ubaya. Lakini angeulizwa amejuaje.

"Mafuta je?"

"Sina mafuta. Wallahi sina, mwanangu." Hilo la mwisho lilimtoka kwa Kiswahili, kisha akajizuia. "Naweza kwenda?"

Alipotoka, Hatem alifungua mikono kama mtu aliyemaliza kazi. "Amekiri."

"Amekiri maji ya waridi," Jaifar alisema. "Njoo uone."

Alikunja karatasi ya shashi, akaipitisha juu ya sanduku la kompyuta ya mchoraji wa dirishani. Palikuwa na alama ya manjano, kavu, na shashi ikatoka safi ila harufu ya waridi kwa mbali. Akachukua nyingine, akaipitisha chini ya sanduku. Ikatoka imelowa, inang'aa, haina rangi. Kisha akapitisha ya tatu ubavuni, kutoka juu mpaka chini. Ikatoka na vumbi tu.

"Maji ya waridi yako juu, yamekauka. Mafuta yako chini, yamelowa. Kama yalimwagwa kutoka juu, yalipita wapi?"

Hatem alitazama zile shashi. "Labda aliyapaka chini."

Jaifar alimrudisha chumbani kwake. "Na ya kwako? Hii ya chumbani humu imekufa?"

"Jumatatu. Lakini chumba hiki ufunguo ninao mimi peke yangu."

"Nisaidie tuinyanyue."

Waliinyanyua, na kwenye marmaru nyeupe ya Mhandisi Hatem palikuwa na kidimbwi kidogo cha mafuta, kimetulia. Hatem alikaa kitini bila kuangalia nyuma. Marhoon, aliyekuwa mlangoni akijifanya anatafuta kalamu, hakuweza kujizuia.

"Kwani mambo hayo yanataka ufunguo?"

"Niletee bisibisi," Jaifar alimwambia, "na ufunge mlango, na wewe uwe upande wa nje."

Ndani ya sanduku, kadi ya picha ilikuwa imelala, chuma chake cha kupozea kinatazama chini. Ni ile kadi inayochora kila kitu kinachoonekana kwenye skrini, nayo hupata moto kama pasi. Kati ya chipu yake na kile chuma kiwandani huwekwa dawa laini, ya kupeleka joto la chipu kwenye chuma. Jaifar aliiona ikichungulia pembeni, rangi ya waridi, mbichi mbichi kama urojo. Ukingoni imetoa jasho la mafuta, na tone moja lilikuwa limening'inia. Alipofungua skrubu, katikati dawa ilikuwa imekauka, inapukutika kama unga wa chaki. Mafuta yamehama, joto limekosa njia, chipu imeungua.

Akaenda kwenye meza ya Bi Mahbuba. Bibi mwenyewe hakuwepo hapo. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, mojawapo ya zile za zamani ambazo wachoraji wamezikataa. Ndani, kadi ya zamani, dawa nyeupe, kavu, haina tone.

"Ya kwake haifi kwa sababu mlimpa mbovu," Jaifar alimwambia Hatem. "Mbovu ikatokea ndiyo nzima."

"Basi nani ametia mafuta ndani ya hizi zetu?"

"Hilo nakwenda kuliuliza Rusayl kwa wakala aliyewauzia."

"Adhuhuri," Hatem alikumbusha, ingawa safari hii alisema polepole.

Ukumbini, Jaifar alimpita Bi Mahbuba. Alikuwa ana simu sikioni, amegeukia ukutani, anazungumza chini chini. Jaifar alikuwa na haraka. Hakusimama.

Ghala la wakala hapo Rusayl lilikuwa na kiyoyozi ofisini tu. Kwengine kote ni bati na jua. Mkuu wa karakana aliitwa Aflah, mtu mnene mwenye tabasamu la kazi, na jibu alikuwa nalo tayari kwa Kiarabu.

"Vumbi, ustadh. Joto la nchi yetu hii. Na ubani! Watu wanafukiza ofisi nzima, moshi wake una mafuta, unaingia kwenye mashine. Kiwanda hakina kosa."

Jaifar alitoka, akaingia ghalani, akaangalia mabunda ya maboksi mpaka akaona lililo chini kabisa, ambalo utepe wa kiwanda haujaguswa. Pembe moja ya boksi ilikuwa nyeusi kuliko nyingine. Nyuma yake Aflah alimpigia kelele mtu wa ghala aje, kwa Kiswahili cha Tanga kisicho na mchezo.

"Lifungue hili," Jaifar alisema, na yeye akasema kwa Kiswahili. "Haya bwana wee, lifungue mbele yangu. Ubani unaingia kwenye boksi lenye utepe?"

Lugha ilimtoka yenyewe, nyepesi, kama anazungumza na jirani. Hatem hakuwepo, ndiyo sababu. Jaifar alilifahamu hilo papo hapo, na uso ukamwaka moto kuliko jua la lile bati.

Aflah alikata utepe. Mfuko wa ndani ulikuwa na mafuta yametuama kwenye kona. Kadi haijaonja umeme tangu izaliwe.

"Na yale kule mlangoni?" Jaifar aliuliza.

"Hayo mapya. Yameingia juzi juzi."

"Lete moja."

Kadi ile ile, jina lile lile, picha ile ile ya joka kwenye boksi. Ila dawa yake ilikuwa ya kijivu, nene, na kavu kabisa.

"Mbona urojo umegeuka rangi?"

"Wameboresha," Aflah alisema.

"Kitu kizima hakiboreshwi kimya kimya. Walikwambia nini?"

Aflah alijifuta shingo. Tabasamu la kazi lilikuwa limekwisha. "Kiwanda kilimleta mtu wao. Akakaa ofisini kwangu, akanywa chai yangu. Akasema mafuta hayana madhara, ni ziada ya dawa, ni dalili kwamba wametia kwa ukarimu. Anayepiga kelele sana, mbadilishie. Asiyepiga kelele, mwambie habari za vumbi."

"Na watu wa Al Khuwair walipopiga simu?"

Aflah aliinama kuokota vipande vya utepe.

"Aliyewajibu nani?"

"Mimi."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia mashine haitoi mafuta. Kama mmeona mafuta, basi mtafuteni aliyeyamwaga."

Jaifar alimtazama. "Wamemtafuta," alisema. "Wamempata. Anaitwa Bi Mahbuba, mama wa watu, alipangusa zile mashine kwa kombe ili zipone. Adhuhuri hii anapelekwa polisi kwa uchawi."

"Lahaula." Aflah alikaa juu ya boksi, na boksi likabonyea. "Mimi nilisema tu ili wakate simu. Wallahi sikujua kuna mtu. Kombe? Hata mama yangu... lahaula wala kuwata. Mtu nimtazame vipi usoni?"

"Utajua huko huko. Chukua kadi zote mbili. Unakuja na mimi."

Walifika Al Khuwair kabla ya adhana. Hatem aliwaita wote, wachoraji wakapanga mstari ukutani, na Bi Mahbuba akasimama karibu na mlango na mkoba wake mkononi. Jaifar aliweka juu ya meza moja lile boksi la mafuta na lile la kavu. Hakuhutubia. Aliwaambia waguse wenyewe, kila mmoja, na wanuse. Kisha akamwambia Aflah aseme.

Aflah alisema yote kwa Kiarabu, macho mezani: dawa mbovu, mtu wa kiwanda, chai, vumbi. Alipofika kwenye jibu alilolitoa kwa simu, ulimi ulimkwama, akalirudia mara mbili. Mmoja wa wachoraji alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka, akaacha. Marhoon alikuwa anakwangua kitu kwenye kiatu chake ambacho hakikuwepo.

"Kadi zote zitabadilishwa," Aflah alimaliza. "Za kijivu. Mimi mwenyewe nitakuja kuzifunga."

Hatem alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Masikio yalikuwa mekundu. "Mwambieni mama arudi mezani kwake," alisema, na mama mwenyewe yuko mbele yake.

Jaifar alingoja kama kuna la ziada. Halikuja. Na yeye je, alikuwa na haki gani ya kumlaumu mwenziwe? Alivuka chumba mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika, kwa Kiswahili.

"Bi Mahbuba, niwie radhi. Mimi ni mtoto wa Bi Shariffa."

Hatem aligeuka. Marhoon aliinua kichwa. Jaifar aliyasikia macho yote yale mgongoni mwake, na haya za asubuhi zilikuwepo bado, ila safari hii aliziacha zimle.

"Nnajua," alisema Bi Mahbuba. "Nlikwambia mie, pua."

"Kila mtu ameshasikia hapa. Wageni wako waache waje, mama. Hakuna wa kukunyanyukia."

"Nimeshawapigia."

"Lini?"

"Nlipotoka mle chumbani." Alikuwa ametulia, na utulivu ule ulimtisha Jaifar kuliko kilio. "Nilisema moyoni, ikiwa mtoto wa Shariffa ananionea haya, wasio wangu watafanyaje? Bora nijivue mwenyewe kuliko kuvuliwa na watu. Nimewaambia pana jambo limenifika la kuniaibisha, wamtafutie kijana wao mlango mwengine."

"Nipe nambari."

"Ya nini tena?"

"Nipe, mama, nakuomba."

Alimbonyezea yeye mwenyewe, akampa simu. Upande wa pili sauti ya mzee ikaitika, ya Bwana Sleyum, baba wa kijana. Jaifar alijitambulisha mbele ya ofisi nzima: jina lake, la baba yake, mama yake ni nani na kwao Malindi mtaa gani. Akaeleza yote, kadi, mafuta, uongo wa wakala, na kwamba mwanamke huyu ni safi kama maji ya kutawadhia, na yeye ndiye aliyechunguza na yuko tayari kwenda nyumbani kwao saa hii hii kula kiapo. Mzee hakumkatiza.

"Ahsante, mwanangu," alisema mwishowe. "Umesema maneno mazuri. Na ingekuwa ni mtu mwengine aliyemsema yule mama, ningemkatalia, maana namjua. Lakini kasema mwenyewe kwa mdomo wake. Mtu hujisingizia? Hapa wanawake wameshasikia, hawasikii tena jengine. Tumeshamshukuru Mungu kwa kutuepusha. Msalimie Bi Shariffa."

Simu ikakatika. Adhana ilikuwa imeanza, na wachoraji wakatumia nafasi hiyo kutoka mmoja mmoja, kila mtu akipita pembeni mwa Bi Mahbuba bila kumgusa kwa macho.

"Kasemaje?" aliuliza.

Jaifar alimweleza neno kwa neno, kwa Kiswahili. Hakupunguza kitu.

Bi Mahbuba aliipokea simu yake, akaitia mkobani, akaufunga.

"Mie nlikuuliza asubuhi kwa sababu nlikuwa sijui la kufanya," alisema. "Sikutaka unitetee. Ungelinambia ngoja, ningelingoja."